Darubini ya Nyumbani Chini ya Anga la Lubumbashi: Namba ya Sandukuni na Kinachoonekana Kweli

Kwenye sanduku la darubini ndogo za wanaoanza mara nyingi kumeandikwa kwa herufi kubwa "525x". Mnunuzi anaelewa kwamba chombo kinakuza mara 525, anaona akilini pete za Zohali zikijaa jichoni, analipa. Usiku wa kwanza anaweka lenzi yenye nguvu kuliko zote, anaelekeza bomba juu, anakuta giza tupu au ukungu unaotetemeka. Baada ya wiki mbili chombo kiko juu ya kabati, na jirani aliyekuwa anafikiria kununua naye anaambiwa kwamba hivi ni vitu vya kuchezea watoto. Si kweli. Darubini ndogo inaonyesha mengi mno. Shida ni kwamba namba inayotangazwa kwa sauti kubwa ndiyo yenye maana ndogo kuliko zote.

Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga. Kukuza kunafuata baadaye. Ndani yake kuna sehemu mbili muhimu. Moja ni kubwa: ama lenzi iliyo mbele ya bomba, ama kioo kilichobonyea kilicho chini yake. Hiyo hupokea mwanga wa nyota na kuukutanisha mahali pamoja. Nyingine ni ndogo, ile unayoisogelea kwa jicho. Tutaiita lenzi ya jicho. Upana wa ile kubwa ndio kipenyo. Urefu wa safari ya mwanga kutoka hapo hadi mahali unapokutana ndio umbali wa fokasi. Namba zote mbili zimebandikwa kwenye bomba, kwa mfano "D=70 F=700": kipenyo milimita 70, umbali wa fokasi milimita 700.

Mvua ya Januari inapopiga mjini, weka uani kikombe na beseni kwa dakika kumi. Matone ni yale yale, lakini beseni litakinga maji mengi zaidi kwa sababu mdomo wake ni mpana. Mwanga wa nyota unatufikia kwa namna hiyo hiyo. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka hadi karibu milimita 7. Lenzi ya milimita 70 ni pana mara 10, na eneo lake ni kubwa mara 100, kwa hiyo inakinga mwanga mara 100 kuliko jicho. Kioo cha milimita 130 kinakinga karibu mara 345. Hapo ndipo tofauti kati ya darubini na darubini inapoanzia.

Ukuzaji unautengeneza wewe mwenyewe kwa kubadilisha lenzi ya jicho. Hesabu yake ni kugawanya tu: umbali wa fokasi kwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho. Kwa bomba la F=700, lenzi ya milimita 20 inakuza mara 35; ya milimita 10, mara 70; ya milimita 4, mara 175. Sandukuni huwa kuna pia kijibomba kinachoitwa Barlow, kinachozidisha mara 3. Chukua 175, zidisha kwa 3, unapata 525. Kimahesabu hawakudanganya. Lakini mwanga uliokusanywa na milimita 70 ni ule ule. Ukiutandaza kwenye taswira kubwa kupita kiasi, taswira inafifia na hakuna jambo jipya linalojitokeza. Kikomo kinachofaa ni mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo: mara 140 kwa 70, mara 260 kwa 130. Hewa nayo ina kikomo chake. Usiku mwingi hata chombo kikubwa hakinufaiki kupita mara 200, kwa sababu hewa iliyo juu yetu inachemkachemka.

Lenzi utakayoitumia zaidi, basi, ni ile yenye namba kubwa, ya milimita 20 au 25. Ile ya milimita 4 na Barlow ya mara 3 viache sandukuni.

Kuchagua chombo

Darubini ya lenzi ya milimita 70 haitaki matunzo mengi, inavumilia safari, inatosha kwa Mwezi, sayari na nyota pacha. Zile fupi, za F=300 au 400, huweka rangi ya zambarau pembezoni mwa Mwezi; ndivyo lenzi za bei nafuu zilivyo, si hitilafu. Darubini ya kioo, aina aliyoitengeneza Isaac Newton mwaka 1668, inakupa kipenyo kikubwa zaidi kwa fedha zile zile. Ya milimita 130 yenye F=650, au ya 150 yenye F=1200, ni chombo cha miaka mingi.

Kuna mtego mmoja wa kuepuka. Darubini ya kioo ambayo jicho linawekwa ubavuni, karibu na mdomo wa bomba, inapaswa kuwa na bomba lenye urefu unaokaribiana na umbali wake wa fokasi. Ukiona limeandikwa F=1000 na bomba halifiki hata mita nusu, ujue ndani wameficha lenzi ya kurefusha fokasi. Nyingi za aina hiyo hutoa taswira isiyokolea, na ni vigumu kuzirekebisha.

Kama fedha hazitoshi kwa darubini nzuri, nunua ya macho mawili iliyoandikwa 10x50, yaani inayokuza mara 10 kwa lenzi za kipenyo cha milimita 50. Inaonyesha milima ya Mwezi, miezi ya Mshtarii (ile Jupita ya shuleni) na makundi ya nyota, na huwezi kukosea kuifunga. Mimi ningeipendelea kuliko bomba la milimita 50 lililosimama juu ya miguu myembamba.

Miguu ndiyo inayoharibu darubini nyingi ndogo. Kila mtikisiko unakuzwa pamoja na taswira: ukikuza mara 100, mkono wako unaogusa kirekebishi (kile kitufe unachozungusha ili taswira ikae kwenye fokasi) unaonekana mara 100. Gonga bomba kidogo kwa kidole huku unatazama. Mtikisiko ukiisha ndani ya sekunde 2 au 3, ni sawa. Ukiendelea zaidi, usirefushe miguu hadi mwisho, keti kwenye kiti, na ning'iniza katikati ya miguu mfuko wenye kilo chache za mchanga.

Kuna aina mbili za shingo, yaani kiungo kinachoshika bomba juu ya miguu. Moja inazunguka kushoto-kulia na kupanda-kushuka tu. Hiyo ndiyo ya kuchukua. Toleo lake rahisi kuliko yote ni sanduku la mbao linalozunguka sakafuni, ambalo Mmarekani John Dobson alilieneza. Fundi seremala mzuri wa hapa anaweza kulitengeneza akiwa na vipimo vya bomba. Aina ya pili ina mhimili uliolala na jiwe la mizani. Vitabu vyake vya maelekezo mara nyingi vinasema uuelekeze kwenye nyota ya Kaskazini. Sisi tuko karibu nyuzi 11.7 kusini mwa Ikweta. Nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho, hatutaiona kamwe. Mhimili wetu unapaswa kuelekea kusini kamili, ukiinuka nyuzi 11 au 12 tu kutoka usawa wa ardhi. Baadhi ya shingo za bei nafuu haziwezi kuteremka hadi hapo, jiwe linagonga mguu. Mtu anayeanza hana haja ya kuhangaika nazo.

Kazi ya mchana

Hatua inayorukwa na wengi ni hii, na kuiruka kunatosha kuharibu usiku wote. Juu ya bomba kuna kilengeo, yaani kidarubini kidogo au nukta nyekundu. Kinapotoka kiwandani hakitazami mahali bomba linapotazama. Ukikuza mara 35, kipande cha anga unachokiona kina upana wa nyuzi moja na nusu hivi. Kukipiga kwa kubahatisha ni kupoteza saa nzima.

Fanya hivi saa kumi alasiri, Jua likiwa mgongoni. Weka lenzi ya milimita 20 au 25. Tafuta kitu kisichosogea kilicho mbali zaidi ya kilomita moja: ncha ya mnara wa simu, au mdomo wa lile bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines linaloonekana karibu mji mzima. Zungusha kirekebishi polepole hadi kingo zikate. Ukikuta taswira imepinduka, usishtuke. Angani hakuna juu wala chini. Kaza bomba lisisogee. Sasa geuza skrubu za kilengeo hadi alama yake ikae juu ya ncha ile ile. Hamia lenzi ya milimita 10, weka ncha katikati, rekebisha kilengeo tena. Dakika kumi zinatosha.

Darubini ya kioo iliyosafiri kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa ina uwezekano mkubwa wa kufika vioo vyake vikiwa vimehama kidogo. Utalijua hilo usiku. Chukua nyota inayong'aa, kuza mara 100 hivi, kisha itoe kidogo kwenye fokasi kwa kuzungusha kirekebishi. Itageuka duara lenye doa jeusi ndani. Doa likiwa katikati, vioo viko sawa. Likiwa upande mmoja, zungusha moja ya skrubu tatu zilizo nyuma ya kioo kikubwa, robo mzunguko tu, rudisha nyota katikati, tazama tena. Endelea hivyo bila haraka.

Usiku wa kwanza

Toa chombo nje nusu saa kabla. Usiku wa Juni na Julai hapa ni baridi, na bomba lililotoka chumbani lina joto. Mpaka lipoe, hewa iliyomo ndani itatikisa kila unachokitazama. Kutazama kupitia dirisha hakufai kabisa: kioo cha dirisha hakikusagwa kwa ajili ya kazi hii. Simama juu ya udongo au majani kama unaweza. Sementi na mabati vinatoa joto la mchana kwa saa kadhaa, kwa hiyo epuka pia kutazama sayari inapopita juu kidogo tu ya paa la jirani.

Bomba linalotazama juu usiku linaweza kumtia hofu anayelipita gizani. Baki ndani ya parseli yako, waambie majirani na mkuu wa avenyu kabla, na waite waje kutazama Mwezi. Ukitaka kwenda nje ya mji, upande wa Kipushi au wa Kasenga, nenda kwa watu unaowajua na kuketi uani mwao. Usisimame kando ya barabara.

Anza na Mwezi, lakini si Mwezi mpevu. Ukiwa umejaa, Jua linaumulika usoni, vivuli vinapotea, unabaki sahani nyeupe inayoumiza jicho. Usiku bora ni siku 5 hadi 9 baada ya mwandamo. Tazama mstari unaotenganisha mwanga na giza: hapo Jua linachomoza au linazama huko Mwezini, na kila ukingo wa shimo unatupa kivuli kirefu. Tafuta Copernicus, shimo lenye upana wa kilomita 93, siku 9 au 10 baada ya mwandamo. Rudi usiku unaofuata uone vivuli vilivyosogea.

Kisha sayari. Mshtarii kwa mara 35 ni kijiduara chenye nukta nne pembeni, zimejipanga karibu mstari mmoja. Ni miezi minne ambayo Galileo aliiona Januari 1610, kwa darubini iliyokuza takriban mara 20. Io, mmoja wa miezi hiyo, unaizunguka sayari kwa saa 42 na nusu, ndiyo maana ukitazama saa moja usiku na kurudi saa tano utakuta mpangilio umebadilika. Kwa mara 70 mikanda miwili ya mawingu inajitokeza. Zuhura hauna mikanda. Unaonyesha nusu au hilali, mfano wa Mwezi mdogo. Zohali unaonyesha pete kuanzia mara 35 hivi, na kwa mara 100 utaona giza kati ya pete na sayari. Machi 2025 pete zilitugeukia kwa ubavu, nyembamba kiasi cha kutoonekana. Tangu hapo zinafunguka tena mwaka hadi mwaka. Mwaka 2026 Zohali unakaa mkabala na Jua, yaani unaonekana usiku kucha, mwanzoni mwa Oktoba, kisha kila mwaka tarehe hiyo inasogea mbele kwa karibu wiki mbili. Mirihi unakatisha tamaa: ni mdogo, na unatukaribia kila baada ya miezi 26 hivi tu.

Kitu chochote utakachokitazama kitatoroka upande, maana Dunia inazunguka. Kwa mara 35 kinavuka uwanja wa macho kwa dakika 5 au 6; kwa mara 140 kwa dakika moja na nusu hivi. Kiweke kwenye ukingo kinakoingilia, toa mkono, kiache kivuke.

Kiangazi chetu, neema yetu

Hapa ndipo Lubumbashi inaizidi Ulaya yote. Kitovu cha galaksi yetu, ambacho kwa mtu wa Brussels au Paris hujikokota karibu na upeo wa macho, kwetu kinapanda zaidi ya nyuzi 70. Na kinapanda wakati gani? Kuanzia Juni hadi Septemba, miezi ile ile isiyo na mvua. Umeme ukikatika mtaa mzima, kwa anayetazama nyota ni saa ya kazi.

Mwishoni mwa Juni, saa moja na nusu usiku, simama ukitazama kusini. Msalaba wa Kusini uko juu, karibu nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini. Kushoto kwake ziko nyota mbili kali, Alfa na Beta za Sentauri. Alfa, iliyo mbali zaidi na Msalaba, ielekeze darubini na kuza mara 70 au 100: ni jua mbili, ya pili imebanana na ya kwanza, zote umbali wa miaka-nuru 4.4 (mwaka-nuru mmoja ni safari ya mwanga ya mwaka mzima). Kisha chora mstari kutoka Beta kupitia nyota inayofuata juu yake, Epsiloni, uurefushe kwa kiasi kile kile. Kwa macho utaona alama hafifu. Kwa mara 35 inakuwa wingu la duara la chengachenga. Ni Omega ya Sentauri, mkusanyiko wa nyota karibu milioni 10, umbali wa miaka-nuru 17,000 hivi. Katika darubini ya milimita 130 kingo zake zinaanza kupasuka kuwa nyota moja moja. Kwangu hakuna kitu cha nje ya sayari kinachostahili zaidi usiku wa kwanza wenye giza.

Agosti, mara tu giza linapoingia, kundi la Nge liko karibu utosini. Kando ya mwiba wake kuna makundi mawili ya nyota, M6 na M7, yanayotaka ukuzaji mdogo kadiri unavyoweza. Hapo utagundua kwamba bomba lililosimama wima linagonga miguu yake au linakataa kugeuka. Subiri saa moja au mbili Nge ainame upande wa magharibi.

Adui wa miezi hiyo ni moshi wa mioto ya porini na wa tanuri za makaa. Tazama vitu vilivyo juu ya nyuzi 40; ngumi yako ukinyoosha mkono ni nyuzi 10 hivi, kwa hiyo hesabu ngumi nne kutoka upeo. Jicho nalo linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na sekunde chache za kioo cha simu zinalirudisha mwanzo. Programu ya ramani ya anga, mfano Stellarium, ina hali ya mwanga mwekundu: iwashe, punguza mng'ao hadi chini kabisa.

Yanayosemwa ambayo si kweli

Bendera ya Apollo, iliyoachwa Mwezini na wanaanga wa Marekani, haionekani. Darubini ya milimita 130 inatenganisha vitu vya Mwezini vyenye ukubwa wa karibu kilomita 2. Hata darubini ya angani ya Hubble haiwezi kuona kitu cha mita moja huko.

Nyota haikui. Kwa ukuzaji wowote inabaki nukta, kwa sababu iko mbali mno. Ukiona duara kubwa linalong'aa na kudhani umeikuza, zungusha kirekebishi: fokasi haijakaa.

Rangi za picha mtandaoni hazitakuwapo. Kamera hukusanya mwanga kwa dakika au saa nyingi, jicho haliwezi. Mawingu ya gesi utayaona ya kijivu. Usiyatazame moja kwa moja. Elekeza jicho pembeni kidogo, maana pembeni mwa jicho kunahisi mwanga hafifu vizuri zaidi kuliko katikati.

Na Jua: kamwe usilielekeze bomba huko bila kichujio maalumu kinachofunika mdomo wote wa mbele, kilichokazwa kisipeperushwe na upepo. Kijichujio cheusi kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, ambacho baadhi ya masanduku ya zamani yanakuja nacho, kinaweza kupasuka kwa joto na kulipofusha jicho papo hapo. Kivunje, kitupe. Mchana ziba pia kilengeo, hasa watoto wakiwapo.

Vumbi jekundu la kiangazi lisikufanye ufute lenzi kwa shati. Punje zake zinakwaruza, na vumbi kidogo haliharibu taswira kwa kiasi utakachokiona. Tumia kipulizo cha mpira, basi. Mvua zikianza Novemba, adui anakuwa unyevu unaootesha ukungu juu ya vioo. Ukirudisha chombo ndani, kiache wazi kikauke kabla ya kukifunika, kisha kiweke kwenye sanduku pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu au simu. Anayetaka kuona wingu la gesi la kundi la Orioni asingoje miezi hiyo ya mawingu: mwanzoni mwa Septemba Orioni iko juu upande wa mashariki saa kumi alfajiri, na Kilimia kimeshatangulia mbele yake.